Mlima Usiofugika

Saa kumi na moja alfajiri, pale Soraypampa, maji ya chupa yangu yalikuwa yameganda. Tulikuwa mita 3,900 hivi juu ya usawa wa bahari, katika mkoa wa Cusco, Peru, na kichwa kilinigonga kama kinu kinachotwangwa. Mzee mwenye nyumbu akanimiminia chai ya majani ya koka, akanyoosha kidole juu. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na Salkantay ukaonekana mzima: mita 6,271, ukiupita Kibo wetu kwa mita 376.

Nikamwuliza, kupitia kwa kiongozi wetu, jina hilo lina maana gani. Mzee akampapasa nyumbu shingoni. "Huyu amefugwa," akasema. Kisha akautazama mlima. "Yule ni sallqa."

Kwa Kiquechua, sallqa ni kile kisichofugwa: vikunya wa nyikani, nyanda za juu zisizolimwa. Nikakumbuka kwamba nasi tuna mbwa mwitu na paka mwitu. Huu basi ni mlima mwitu.

Tukaanza kupanda njia ya mapindi iitwayo Nyoka Saba. Hatua kumi, pumzi. Hatua kumi, pumzi. Nyumbu walitupita bila hata kututazama. Kwenye kipito, juu kidogo ya mita 4,600, upepo ulikata kama wembe, na kila upande palikuwa na vichuguu vya mawe vilivyopangwa na wapita njia. Mzee akavua kofia. Akachagua majani matatu mazima ya koka, akayapulizia kuelekea kileleni, akayaweka chini ya jiwe. Kwao mlima huu ni Apu, mwenye enzi, na mgeni hapiti kwa mwenye enzi bila hodi.

"Umewahi kufika kileleni?" nikamwuliza.

Akacheka. "Kufanya nini?"

Waliofika kwanza, mwaka 1952, walikuwa Wafaransa na Wamarekani.

Tulipokuwa tukiteremka, kitu kikanguruma nyuma yetu. Nilidhani ni radi, lakini ilikuwa barafu ikiporomoka upande wa pili. Mzee hakucheka tena. Februari 2020, mwamba na barafu vilimeguka kutoka mlima huuhuu, vikaangukia ziwa lililo chini yake, na tope likashuka na bonde hadi Santa Teresa, likachukua nyumba na watu.

Jioni tulifika Chaullay, kwenye msitu wa joto na ndege wavumao. Nilikuwa nimevua makoti yote. Mzee alifunga nyumbu wake mmoja mmoja, akivuta kila fundo mara mbili. Alipomaliza akageuka kutazama kule mto unakotoka, kama mchungaji aliyekwisha kuhesabu kundi lake na anayemjua yule mmoja asiyekubali kamba.