Sufuria Iliyopanda Mizani ya Watoto

Naandika kutoka Ntalikwa, hapa Tabora.

Huenda mtashangaa kuona muuguzi akiandika habari za sufuria badala ya chanjo na lishe. Mimi pia nililiona jambo dogo, mpaka siku binti yangu alipoungua mkono.

Sisi wa kikundi cha wanawake kanisani huwatembelea wagonjwa kila Jumamosi. Mimi huenda kwa baiskeli, maana nyumba nyingine ziko mbali, kwenye mashamba ya tumbaku, na wakati wa mvua njia ni matope matupu. Mara kadhaa nilimkuta mgonjwa amelala peke yake, wenzake wote wako shambani, moto umezimika na kuni zimelowa. Utamwombea mtu mwenye njaa mpaka saa ngapi? Ndipo nikaamua kubeba jiko langu dogo la mafuta ya taa, unga wa ulezi na sufuria, ili mgonjwa apate uji kwanza, mazungumzo yafuate.

Sufuria niliyoanza nayo ilikuwa ya kusubu, zile nene ambazo mafundi hutengeneza kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Haiunguzi uji hata kidogo. Lakini kwa uzito, jamani! Siku moja baada ya kliniki niliitundika kwenye mizani ya kupimia watoto, ikaonyesha kilo mbili na gramu mia nne. Mama mmoja aliyekuwa akimfunga mwanawe mgongoni alicheka, akauliza mtoto huyo anaitwa nani.

Hapa kwetu watu wanajua maana ya mzigo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa kwenda Bagamoyo, na mapagazi wa Kinyamwezi walibeba kiasi cha kilo 30 kila mmoja. Walipikiana kwa makundi, chungu kimoja kwa watu kadhaa. Nao wanawake waliofuatana na misafara walibeba vyungu na vyakula, jambo ambalo watu husahau kulitaja. Wageni wakija hutaka kuona Kwihara, mahali Livingstone alipokaa mwaka 1872. Mimi nikipita chini ya miembe huwaza wale mama na vyungu vyao vya udongo, ambavyo vikianguka mara moja basi, chakula cha jioni kimekwisha.

Basi nikaenda sokoni, nikanunua sufuria nyepesi kuliko zote. Gramu mia tano tu! Ilikuwa pana, ya lita nne, na bati lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia ndani. Nilijiona mjanja. Jumamosi ya kwanza uji uliungua katikati huku pembeni ukiwa bado wa vuguvugu, kwa sababu chuma chembamba hakisambazi moto vizuri. Jumamosi ya tatu kitako chake kilikuwa kimebinuka. Niliiona inayumba juu ya jiko, nikasema moyoni kwamba nitaangalia kesho. Binti yangu, ambaye hunisaidia, alipoanza kukoroga, sufuria ikapinduka na uji ukammwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Watu wa nyumba ile walikimbilia asali, maana Tabora ndiyo nyumbani kwa asali. Niliwazuia. Asali yetu ina sifa zake, lakini kidonda kibichi cha moto huanza na maji safi ya baridi, yakimiminwa kwa dakika 20 hivi, na bangili na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Unga, dawa ya meno na mafuta visiguse hapo. Tulimwagia maji ya ndoo kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, naye analia, nami mikono inatetemeka kama ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nimewafunga vidonda watu wengi, lakini siku ile kosa lilikuwa langu.

Mkono ulipona, alama ndogo imebaki. Kwa majuma kadhaa nilikataa kubeba jiko. Ni binti mwenyewe aliyesema, "Mama, tununue sufuria nyingine, wagonjwa wanasubiri uji."

Kwa nini sikurudia ile ya kusubu? Si uzito peke yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini iliyoyeyushwa kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo. Walipochemsha ndani yake maji yenye asidi kidogo, zaidi ya theluthi ya vyombo hivyo vilitoa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Sisi tunapenda uji wa ukwaju na wa ndimu! Asidi si ndiyo hiyo?

Safari hii nilikaa dukani mpaka muuzaji akachoka. Niliweka kila sufuria sakafuni, nikaibonyeza ukingoni kila upande, iliyoyumba niliirudisha. Nilikwenda na jiko lenyewe ili nione kama kitako kinakaa vizuri juu ya vyuma vyake bila kupita nje sana. Nilichagua ya lita mbili, nyembamba kwa upana na ndefu kidogo, ya kiwandani, unene wa wastani. Mizani ya watoto ilisema gramu mia saba. Sahani ya bati ndiyo mfuniko wake, na njiani unga, kikombe na mwiko hukaa ndani yake. Mafuta ya taa nayabeba kwenye chupa, mbali na unga. Maji huchota huko huko, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo nzima, zaidi ya sufuria yenyewe.

Jumamosi iliyopita bibi mmoja aliigonga kwa kidole, akaitazama, akauliza kama tumemletea chombo cha kuchezea watoto. Kisha akanywa vikombe viwili, akamwambia binti yangu akombe kilichobaki.