Sanaa Mbele ya Wakubwa

Wako watu wasemao kwamba sanaa ni pambo tu, wala haina shughuli na utawala. Mimi sikubaliani nao. Mjini Kitale imo nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1974, ambayo asili yake ni vitu alivyokusanya Hugh Stoneham, mlowezi na askari wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1966. Ni vema kwamba vimehifadhiwa. Walakini aliyeamua kipi kiwekwe na kipi kiachwe alikuwa wa upande wa watawala, na kuchagua huko nako ni siasa.

Sasa tuelekee Bungoma. Mzee wa heshima wa Wabukusu afapo, huja omuswali, msemaji wa matanga, akatembea katikati ya waombolezaji huku akisimulia asili ya watu wake na kuwaonya walio hai. Hakatizwi na mtu, awe tajiri au mbunge. Desturi ndiyo ngao yake.

Wasanii wengine hawana ngao hiyo. Shirin Neshat, mzaliwa wa Iran, aliandika maneno ya Kiajemi juu ya picha za wanawake katika miaka ya 1990, naye alikuwa akiishi ugenini Marekani.

Basi, msomaji, kipimo cha jamii si wingi wa picha ukutani, bali ni kama msema kweli anaweza kusema akiwa nyumbani kwao. Kiwanja cha omuswali hakina kuta, lakini asipopatikana kijana wa kumrithi, nacho kitanyamaza.