Siku ya Kufungua Shule Huko Githunguri

Msomaji anayetaka kwenda Githunguri kutoka Nairobi hupanda gari la Kiambu, akapita Ndumberi, na kutoka hapo barabara huanza kupanda na kushuka migongo ya nchi, mmoja baada ya mwingine, na kila bonde lina kijito chake. Udongo ni mwekundu. Mwezi wa Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha, vumbi lake huishika soksi nyeupe ya mtoto hata kabla hajafika langoni mwa shule. Kwanza utaona kahawa; ukizidi kupanda utaona chai; na kila mahali, hata ukingoni mwa barabara, majani ya nepia ya kulisha ng'ombe.

Nilikwenda siku ya Jumatatu shule zilipokuwa zikifunguliwa. Gari letu lilijaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, na ndoo za plastiki. Mkulima mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa na watoto wawili, naye aliniambia, "Januari, bwana, haina siku thelathini na moja. Ina siku tisini." Abiria wote wakacheka, maana kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuihesabu fedha yake asubuhi ile.

Watu wengi wa siku hizi huijua Githunguri kwa maziwa, na si ajabu, kwani chama cha ushirika cha wafugaji wa hapo kilianzishwa mwaka 1961, na maziwa yake huuzwa mbali. Lakini kabla ya maziwa, jina la Githunguri lilitajwa kwa ajili ya shule.

Mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu, ikiwamo ile ya Kambui, ambayo si mbali na Githunguri, ziliwataka waumini na walimu wao waape kuikana desturi ya kutahiri wasichana. Wengi walikataa. Waliokataa walitolewa kanisani, na watoto wao wakatolewa shuleni. (Desturi yenyewe Kenya iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2011, na mimi naona ilikuwa vema; lakini hayo hayaondoi uzito wa yale yaliyotendeka, kwani mtoto alifukuzwa darasani kwa shauri la wazee.) Basi wazazi wakaanza kujenga shule zao wenyewe. Kufikia miaka ya katikati ya 1930 palikuwa na vyama viwili vya kuzisimamia: kimoja, KISA, kilikuwa na nguvu upande wa Murang'a, na cha pili, Karing'a, upande wa Kiambu.

Tusizisifu shule hizo kupita kiasi. Nyingi zilikuwa vibanda vya udongo na nyasi. Mwalimu mara nyingi alikuwa mtu aliyesoma miaka michache tu kuliko wanafunzi wake, na mshahara wake ulikuja ulipokuja. Serikali ililalamika juu ya mafundisho duni, na katika shule nyingi lalamiko hilo lilikuwa la kweli. Wazazi nao walikuwa na jambo moja walilolishikilia sana: watoto wafundishwe Kiingereza mapema, maana walikuwa wameona ni nani aliyepewa kazi ya ukarani na ni nani aliyepewa jembe. Hapo hawakupatana na wakubwa wa elimu, waliotaka mtoto aanze kwa lugha ya nyumbani.

Lililokosekana ni walimu. Ndipo likaja shauri la Githunguri. Bwana Peter Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange, alikuwa amekwenda Marekani mwaka 1927, akasoma Hampton, kisha Ohio, kisha Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, akarudi nyumbani mwaka 1938. Januari 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri, naye akiwa mkuu wake. Hakikufunguliwa kwa fedha ya Serikali wala ya misheni. Baadaye, Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 na kuushika uongozi wa chuo, fedha zilichangwa kwa marika: kila rika la waliotahiriwa pamoja lilishindana na jingine, na hakuna mzee aliyetaka rika lake liitwe la wachoyo. Wanawake nao walichanga kwa upande wao ili wasichana wapate bweni la mawe. Hebu mkulima wa leo afikiri: mama asiyejua kusoma hata herufi moja anauza maharagwe yake ili mtoto wa mwenziwe alale chini ya paa lisilovuja.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Chuo cha Githunguri kilifungwa, na shule za kujitegemea zikafungwa au zikachukuliwa. Majengo yale yaliyochangiwa na marika yakawa boma la Serikali, na Githunguri pakawa mojawapo ya mahali pa kunyongea watu. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile.

Naifikiria sana Januari ya 1953. Kwa watoto wengi wa Kiambu na Murang'a siku ya kufungua shule ilifika na mlango haukufunguliwa. Baadhi ya shule zilifunguliwa tena chini ya bodi za elimu za wilaya. Mmoja wa watoto wa shule hizo ni mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025; yeye alisoma Manguo, karibu na Limuru, shule ya Karing'a. Ameandika kwamba baada ya shule kuchukuliwa, mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu karibu na shule aliadhibiwa. Wazazi walikuwa wametaka Kiingereza, nacho kikaja. Lakini kilikuja na fimbo, na hilo hawakuliomba.

Shule niliyoitembelea siku ile ni ndogo, ya mtu binafsi, nami sitaitaja jina. Shule za namna hiyo zimekuwa nyingi, hasa tangu mwaka 2003 Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi na madarasa yake yakafurika. Nyingine ni vyumba vitatu na kibao kikubwa chenye neno "Akademi", na mzazi afanye vizuri kumwuliza mwalimu amesomea wapi kabla ya kuusifu ukuta. Hii ina vyumba vya mbao, ua uliofagiwa, na kengele ambayo ni kipande cha chuma kilichotundikwa mtini.

Mwenye shule, ambaye pia ndiye mwalimu mkuu, alikuwa amesimama langoni tangu alfajiri akiwahesabu wanafunzi. Shule ya Serikali haifi kwa kukosa wanafunzi ishirini, yake hufa. Muhula uliopita alikuwa na 94. Saa nne alikuwa na 61, na walimu watano waliokuwa wakimtazama uso.

Akaja mama mmoja na mtoto wa darasa la pili, viatu vyake vipya vikiwa vikubwa kidogo ili vivaliwe na mwaka ujao.

"Hujambo, Mama."

"Sijambo, Mwalimu. Nimeleta nusu. Nusu nyingine ni mpaka watulipe maziwa."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Ng'ombe mmoja amekauka."

Mwalimu mkuu aliitazama fedha, akamtazama mtoto, kisha akafungua daftari juu ya goti lake na kuandika jina. Ilikuwa 62.