Mteja ni Nani?

Darasani tunafundishwa kwamba mshauri wa menejimenti humsikiliza mteja kwanza, ndipo aandike mpango wa mabadiliko. Sawa, lakini mteja ni nani?

Kwetu Chienge, kando ya Ziwa Mweru, alikuja mshauri kupanga upya kamati yetu ya uvuvi. Alikaa siku mbili na mwenyekiti na wenye mitumbwi. Wanawake wanaokausha samaki hakuwauliza, ingawa moshi wao ulimfikia kikaoni. Mpango ukahamisha mwalo. Chanja za mama zikabaki mwalo wa zamani. Alibeba samaki kichwani Novemba nzima, maana Desemba hadi Februari uvuvi hufungwa, na ada yangu hutoka kwenye samaki hao. Mwaka ule nilichelewa kusajiliwa.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1972 Tanzania, ikishauriwa na kampuni ya McKinsey, ilianzisha Madaraka Mikoani: maofisa wakapelekwa mikoani, halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa. Sheria za 1982 zikazirudisha.

Muhula huu tumepewa zoezi la kumhoji mteja. Nimempigia mama. Ameuliza kwanza kama nina daftari la kutosha.