Je, Mtu Aweza Kushabikia Timu Mbili?

Muhula uliopita chama chetu cha mjadala kilipewa jambo hili: "Mtu mwaminifu hana timu mbili." Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi na makofi mengi. Mimi nilisema katika upande ulioshindwa, na kwa kuwa kila msemaji alipewa dakika tano tu, sikuyamaliza niliyokusudia. Bwana Mhariri amenipa nafasi, basi nayaandika hapa, ili wenzangu na wanafunzi wa zamani wayapime kwa utulivu, pasipo kelele za ukumbini.

Kwanza yafaa niwatendee haki wapinzani wangu, maana hoja zao hazikuwa za kitoto. Walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Mmoja wao alitoa mfano ambao ulinigusa hata mimi. Alisema, itazameni SC Villa. Timu ile ilichukua ubingwa wa Uganda mara ya 16 mwaka 2004, kisha ikakaa miaka 20 bila kuupata tena, mpaka mwaka 2024. Mtoto aliyezaliwa Villa ilipochukua ule wa 16 alikuwa amekuwa mtu mzima ilipochukua wa 17. Je, ni nani aliyeonja utamu wa mwaka 2024 kama yule aliyekaa na Villa peke yake miaka yote ile? Mwenye timu ya pili alikuwa na mahali pa kukimbilia kila Villa iliposhindwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mtu mwenye mlango wa nyuma haijui dhiki. Hivyo ndivyo alivyosema, nami nakiri kwamba ni neno zito.

Lakini sasa tutoke ukumbini, twende hapa Mafubira, tufuate barabara ya kwenda Kamuli, tuingie katika kibanda chochote cha kutazamia mpira siku ya Jumamosi. Yule yule anayesema kwamba Villa ndiyo damu yake utamkuta amevaa fulana ya Arsenal. Aliye wa KCCA utamkuta amevaa ya Manchester United. Naye wa BUL, timu yetu ya Jinja iliyochukua Kombe la Uganda mwaka 2022 kwa kuishinda Vipers, utamkuta anagombana na jirani yake juu ya Liverpool mpaka mwenye kibanda anatishia kuzima televisheni. Tena mapenzi hayo ya mbali si ya mzaha. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Arsenal iliifunga Manchester United mabao 3 kwa 2 huko London, na kesho yake mashabiki wa Arsenal wakazunguka mji wa Jinja kwa magari, wamevaa nyekundu, wamebeba na kikombe, ingawa ligi ilikuwa bado katikati. Polisi wakawakamata wanane kwa kuandamana bila ruhusa. Habari hiyo ikaenea duniani, watu wakacheka. Mwisho wa msimu ule ubingwa ukaenda Manchester City. Basi nauliza: mtu aliye tayari kulala kituoni kwa ajili ya timu ya London, naye pia ana timu yake ya nyumbani, tutasema hana uaminifu? Nadhani nusu ya wale walionipigia kura ya kunipinga ni watu wa namna hiyo.

Nilipowauliza hivyo, walinijibu upesi: "Hizo hazihesabiki, maana Villa na Arsenal haziwezi kukutana." Vema. Lakini wakisema hivyo wameihama hoja yao. Hawasemi tena kwamba mtu hawezi kupenda timu mbili. Wanasema kwamba hawezi kupenda timu mbili zinazoweza kukutana. Basi na tuipime hoja hiyo mpya.

Khalid Aucho, kiungo wa timu ya taifa, alizaliwa hapa Jinja. Mwaka 2015 alikuwa mchezaji wa Gor Mahia ya Nairobi, na mwaka ule Gor ilichukua ubingwa wa Kenya bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Vijana wa hapa waliokuwa hawajaiona Kisumu wala Nairobi wakawa watu wa Gor kwa ajili yake. Mwaka 2021 akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na vijana wale wale wakajifunza kusema "Yanga" na "Simba" kama watu wa Kariakoo. Sasa, Gor na Yanga ni timu za nchi mbili, zina ligi mbili, lakini hukutana. Zilikutana Dar es Salaam mwezi wa Julai mwaka 2015 katika Kombe la Kagame, na Gor ikashinda. Zikikutana tena, kijana wa Jinja afanyeje? Hakuzitafuta timu mbili kwa tamaa. Alimfuata mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani akampitisha katika milango miwili. Hajamsaliti mtu.

Tena kuna mashindano ya FUFA Drum, yaliyoanza mwaka 2018, ambayo huchezwa na majimbo ya nchi yetu kwa kufuata asili ya wachezaji. Siku ya mchezo wa Busoga utawaona watu wa Villa, wa KCCA na wa Express wamekaa benchi moja wakiimba pamoja, na Jumamosi ya pili wanarudi kutukanana. Mtu ana nyumba yake katika shule, ana shule, ana wilaya, ana jimbo, ana taifa. Mapenzi hayo hukaa moja ndani ya jingine kama sufuria za dukani. Shida huja pale tu sufuria mbili zinapokuwa sawa kwa ukubwa.

Hapo ndipo nilipo mimi. Mama yangu ni Msoga wa hapa Mafubira. Baba yangu ni Mgisu wa Mbale. Jinja na Mbale zilipewa cheo cha jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, na katika nyumba yetu siku ile kulikuwa na ubishi juu ya jiji lipi ni jiji zaidi. Baba bado husimulia jinsi Mbale Heroes ilivyochukua Kombe la Uganda mwaka 1999, kana kwamba ilikuwa juzi. Mama humjibu kwa BUL. Ikitokea Busoga kukutana na Bugisu, sina timu ya kwanza wala ya pili. Nina mama na baba.

Mwaka jana jambo hili liliacha kuwa la maneno. Shule yetu ilicheza na shule moja ya Mbale, hapa hapa uwanjani kwetu. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa mpiga ngoma wa washangiliaji. Golikipa wa wageni alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye baba alimpeleka kusoma huko ili akae na babu. Kabla ya siku ile nilimpelekea habari kwamba nitawapigia ngoma wenzangu, naye akajibu kwamba ndivyo inavyopasa. Ngoma niliipiga tangu mwanzo. Dakika za mwisho, wageni wakiwa wametutangulia kwa bao moja, tukapata penalti. Mdogo wangu akajirusha kulia, akaupangua mpira, ukatoka nje. Niliumia, maana bao lile lingekuwa letu. Kisha nikaweka ngoma chini, nikampigia makofi. Makofi manne au matano, si zaidi.

Jioni ile bwenini niliitwa popo. Siku kadhaa watu walinipa mgongo mezani, na mchezo uliofuata ngoma ikapewa mwingine. Sikugombana, kwa kuwa ngoma ni ya shule. Mama aliposimuliwa habari ya mchezo aliuliza jambo moja tu: "Mtoto hakuumia mkono?" Wenzangu walitaka nifanye nini? Nimzomee mtoto wa mama yangu? Nilitaka tushinde, na nilitaka yeye acheze vizuri. Mambo hayo mawili yalikaa katika kifua kimoja, yakabanana, lakini hayakuuana.

Nimelifikiri sana lile jina la popo. Sote twajua hadithi yake. Wanyama na ndege walipopigana vita, popo aliwaendea wanyama walipokuwa wakishinda, akawaonyesha meno. Ndege walipoanza kushinda, akawaendea, akawaonyesha mabawa. Mwisho akafukuzwa na wote wawili. Sasa angalieni vizuri kosa lake. Kuwa na meno na mabawa pamoja si kosa, kwani ndivyo alivyoumbwa. Kosa lake ni kwamba alitazama kwanza nani anashinda, kisha ndipo akachagua ndugu zake. Mimi nilimpigia makofi mdogo wangu mchana kweupe, wenzangu wote wakiniona, na nilikuwa nimemwambia mapema nitasimama wapi. Popo hasemi mapema.

Kumwuliza mtu "wewe ni wa nani?" kwa njia ya mchezo si jambo la bwenini tu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia katika nchi hii kwa siku 90, na mji wa Jinja, uliokuwa na maduka na viwanda vyao vingi, ukabaki na milango iliyofungwa. Wengi wao walikwenda Uingereza. Mwaka 1990 mwanasiasa mmoja wa huko, Norman Tebbit, akasema kwamba wahamiaji wapimwe kwa mchezo wa kriketi: wanaishangilia Uingereza, au nchi walizotoka? Hebu mfikirie mzee aliyezaliwa Jinja, aliyeambiwa hapa kwamba si mtu wa hapa, kisha baada ya miaka 18 akaambiwa kule kwamba makofi yake yanachunguzwa. Akiipigia makofi Uganda kwa kuwa alizaliwa kwetu, na Uingereza kwa kuwa ilimpokea, mimi sioni uongo ndani yake. Naona mtu mwenye shukrani mbili.

Kama twataka kumwona popo halisi wa siku hizi, tumtafute kwa mwenye karatasi ya kubeti. Huyu Jumamosi hii ni wa Chelsea, Jumamosi ijayo anaiombea Chelsea ifungwe, kwa sababu karatasi yake inasema hivyo. Nimemwona mtu kibandani akinuna timu yake ilipofunga bao la tatu, kwa kuwa alikuwa ameandika mawili. Sheria ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kubeti, lakini twajua wenyewe mambo yalivyo. Huyo hana timu mbili wala moja. Ana mfuko tu. Hata hivyo bwenini hakuna anayemwita popo, bali humwuliza, "Leo umeokota ngapi?"

Basi, kwa maoni yangu, mtu aweza kuwa mwaminifu kwa timu mbili akishika mambo matatu. La kwanza, asizichague kwa ushindi. Ziwe zimemjia kwa njia ya haki, kwa kuzaliwa, kwa shule, kwa ndugu au kwa rafiki. La pili, akae nazo zote mbili zinapofungwa, wala asiifanye moja kuwa mwavuli wa kujikinga na mvua ya nyingine. Hapa nakubaliana kabisa na yule msemaji wa Villa. La tatu, siku zikikutana aseme mapema na kwa sauti atasimama upande gani, kisha asimame huko mpaka filimbi ya mwisho, bila kumnyima mwingine haki ya sifa. Asiyeweza mambo haya na achague moja, wala si aibu.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wanafunzi wa zamani. Baadhi yenu ni walimu katika shule tunazoshindana nazo, na huja hapa na timu zenu. Nimesikia baadhi ya wadogo wakinung'unika, "Huyu alikula ugali wetu, mbona anawashangilia wale?" Naomba msiyatie moyoni. Watoto mnaowafundisha wana haki ya sauti yenu yote siku ile, nasi tutaridhika na salamu mtakazotupa mkishuka garini. Mimi nami namaliza kidato cha sita mwaka huu, na huenda nikapata kazi mahali ambapo fulana ya shule hii haipendwi. Sitaificha sandukuni.

Mwenye hoja ya kunipinga, na aiandike. Dakika tano hazikutosha kwangu, na huenda hazikumtosha yeye pia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita