Barua kwa Mpwa Wangu juu ya Kikombe cha Mama Yako Mdogo

Ngarenaro, Arusha

Mpwa wangu mpenzi,

Mkaza mjomba wako angali anachechemea, na masika yameiharibu tena njia ya Ngaramtoni.

Lililonishikisha kalamu ni habari iliyonifikia kwa vinywa viwili visivyojuana, ya kwamba siku ya akika ya mwanao, mama yako mdogo, ambaye kwa ulimi wake mwenyewe aliwaeleza jamaa zake wote kuwa anaishi na virusi vya Ukimwi, alitiliwa chai katika kikombe cha peke yake kilichokwisha kuwekwa kando, na aliponyoosha mikono ampakate mtoto na kumbusu, ukamwondoa mtoto ukasema amelala, ilhali mtoto yu macho. Mimi sikuwapo, kwani mwaliko wangu ulikuja kwa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe; hilo nimelisamehe, ingawa sijalisahau. Lakini yule ni ndugu yangu tumbo moja, na yeye ndiye aliyekulea mama yako alipokuwa mgonjwa.

Mate, mpwa wangu, hayaambukizi maradhi haya. Matabibu wamelichungua jambo hili kwa miaka mingi, wakaona kwamba virusi vilivyomo katika mate ni haba mno, na kwamba mate yenyewe yana protini zinazovizuia visifanye kazi. Kwa hiyo kula sinia moja, kunywa kikombe kimoja, kumbusu mtoto shavuni, kukohoa, hata kutemewa mate, si njia zake. Njia zake ni damu, na majimaji ya siri ya mwanamume na mwanamke, na maziwa ya mama anyonyeshaye. Nasikia pia ulimwomba babu yako mzaa baba ambariki mtoto kwa maneno matupu, ilhali Waarusha tangu zamani humtemea mtoto mate kidogo iwe baraka, na wewe mwenyewe ulikua ukitemewa na wazee walewale. Yule mzee hakukujibu neno, lakini alikwenda zake kabla ya chakula.

Umetoa hoja, nami sitaidharau: kama mate hayana madhara, mbona siku hizi watu hujipima wenyewe kwa kijiti cha kupangusia ufizi, jambo ambalo sheria yetu ya Ukimwi ya mwaka 2008 iliruhusu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019? Jibu ni kwamba kijiti kile hakimtafuti mwizi, bali huwatafuta askari ambao mwili umewaajiri kupambana naye, yaani kingamwili, na hao huonekana ufizini hata pale ambapo virusi vyenyewe havipo vya kumdhuru mtu.

Sasa sikiliza kisa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu upande wa Tengeru (na wanafunzi wangu, sijisifu, wengine leo ni mahakimu), palikuwa na mchuuzi wa kahawa aliyeanza kukonda, na watu wakajua, kwa maana habari za maradhi yale zilikuwa zimeenea nchi nzima tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera mwaka 1983. Nyumbani kwake kikombe chake kikafungwa kitambaa chekundu mkononi, sahani yake ikakaa nje juu ya jiwe, na watoto wakaamrishwa wasimkaribie. Aliyekuwa mkali kuliko wote katika hadhari ile ni mdogo wake, ambaye hata kiti alichokalia kaka yake alikuwa hakikalii. Mchuuzi akafa peke yake chumbani, mchana, watu wote wako uani. Arobaini ilipopita, yule mdogo akamrithi mjane, bila kupima wala kuuliza, kwa kuwa ndiyo mila na kwa kuwa shamba lilikuwa zuri. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia watu wetu wakati ule. Kutolewa bure kulikuja kuanza mwaka 2004. Haikupita miaka mingi, wote wawili wakazikwa chini ya migomba ileile, na kikombe chenye kitambaa kikabaki rafuni kizima, hakuna aliyethubutu kukigusa.

Nisingekirefusha kisa hiki lau nisingesikia jingine, ambalo kwa staha nitaligusa tu: kwamba wewe na wenzio mnaambiana starehe ya mdomo haina hatari yoyote. Hatari yake ni ndogo kuliko njia nyingine, lakini ipo, hasa pakiwa na vidonda au fizi zinazotoka damu, na kaswende na kisonono hupita huko kwa wepesi. Una mke. Atakayeteleza aende hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kinga.

Hadhari moja ya kinywa naikubali: asimtafunie mtoto chakula mtu yeyote, awe mzima au mgonjwa, maana huko Marekani mwaka 2009 iliandikwa habari ya watoto watatu walioambukizwa hivyo, na iliyodhaniwa kuwa sababu ni damu ya kinywani mwa mtafunaji.

Ama mama yako mdogo, mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Masapila kwa shilingi 500, na wengine wakaacha dawa zao, yeye alishawishiwa na jamaa akakataa. Humeza kidonge chake kila jioni, na vipimo vyake havioni tena virusi katika damu. Mtu wa namna hiyo hamwambukizi hata mwenziwe wa kitandani, sembuse mtoto anayebusiwa shavuni.

Deni la dukani limalize. Shamba la baba yako usiliuze. Swala usiiache.

Mpigie simu mama yako mdogo kabla ya Ijumaa, wewe mwenyewe, usimtume mkeo, umwombe radhi bila kutaja nani kaniambia nini. Kisha Idi ijayo mlete mtoto hapa Ngarenaro, ampakate yeye wa kwanza, nasi sote tule sinia moja.

Wasalaam,
Mjomba wako