Kahawa Ikingali Mbichi

Mume wangu aliposhikwa na kidole tumbo ilikuwa katikati ya mvua, na sisi wa Isansa wakati wa mvua hatuna hela. Hela yetu ni kahawa, na kahawa twachuma kiangazi. Alipasuliwa hospitali ya Vwawa akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini ili nilipe, nilimfuata mlanguzi nikamuuzia kahawa ikingali mbichi mtini, kwa bei aliyotaka yeye. Msimu ulipofika nilichuma mali ya mtu kwenye shamba langu mwenyewe.

Mwaka uliofuata, kahawa imeshalipwa, akapita afisa mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, na simu yake ya kupigia picha. Nilitoa 30,000 papo hapo: kaya ya watu 6, mwaka mzima. Mama mkwe alinuna.

"Unalipia ugonjwa ambao haujaja? Si unauita huo!"

Sikubishana naye, ndiye aliyenilelea watoto nilipokuwa nauguza. Nilimwambia tu, "Mama, kaa vizuri upigwe picha." Leo akienda kupima presha, kadi anaishika mwenyewe, haniachii.

Si kwamba kadi inamaliza yote. Mara nyingine unaonwa na mganga bila kutoa senti, kisha unaambiwa dawa imeisha, kanunue dukani. Hapo kadi yako na karatasi ya kufungia vitumbua ni sawa.

Kisha kijana wangu wa sekondari akaanguka na bodaboda, akavunjika paja. Vwawa walimpokea kwa kadi, ila mfupa ukahitaji rufaa ya Mbeya, na kadi yetu mwisho wake ulikuwa hospitali ya mkoa. Mpaka 2016 Mbeya ndiyo ilikuwa mkoa wetu! Mkoa wetu mpya wa Songwe ulipozaliwa tulipiga vigelegele, nani alifikiria mambo ya rufaa? Safari hii shamba sikuligusa. Nilikopa kwenye kikundi chetu cha hisa, shemeji wa Tunduma akajazia, kijana akatibiwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ilipoelezwa kwenye mkutano wa kijiji, wengi waliuliza bei. Mimi niliuliza mwezi. Mkija kudai Februari, nilisema, mtatukuta na mahindi mabichi tu. Njooni pale AMCOS, chama chetu cha ushirika, siku tunayolipwa kahawa, mkate mchango hapo hapo, na hiyo kadi ifike Mbeya.